KALAMU NA BOMBA: Hotuba juu ya Kujifunza Ufundi Ukubwani na Kuchagua Cheti Kifaacho

(Imesomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tabora)



Katibu alipotuandikia barua akituomba tuseme neno juu ya jambo lolote lenye faida kwa wanachama, tulifikiri kwa muda wa siku tatu. Tukaona si vema kuwasomea maneno ya vitabuni, hali tunalo jambo lililotukuta sisi wenyewe, nalo limetugharimu fedha, na usingizi, na sehemu ya fahari yetu. Jambo lenyewe ni hili: karani mwenye umri wa miaka 37, mwenye mke na watoto wanne, aliyefundishwa na shule ya misheni kushika kalamu, amekwenda kujifunza kazi ya fundi bomba. Karani huyo ni sisi tunaosema nanyi.

Twajua kwamba habari hii ilipoanza kuenea mjini wako waliosema, "Amefukuzwa kazi," na wengine wakasema, "Ana deni." Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuja nyumbani jioni, akaketi, akakataa chai, akasema, "Mwanangu, tuliuza ng'ombe ili ukasome usishike jembe. Sasa wataka kushika vyoo vya watu?" Usiku ule hatukuwa na jibu. Jibu letu ndilo hotuba hii, na twaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Ndugu zetu, mji huu ulikuzwa na miguu ya watu. Njia kuu ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipita hapa Unyanyembe, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake mashuhuri. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani ratili 70 hivi, nao waliuchukua kwa miezi. Wala kazi ile haikuwa ya nguvu tupu. Mpagazi alijua kufunga mzigo usimwumize bega, alijua vituo, alijua bei ya vyakula, na zaidi ya yote alijua maji yako wapi. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, mahali pa miiba na ukavu. Msafara ulipojua kwamba mbele hapana maji kwa mwendo mrefu, ulifanya kile walichokiita terekeza: watu walipika wakala na kunywa asubuhi, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri badala ya alfajiri, wakaenda mpaka usiku, wakalala pakavu, na siku ya pili wakaendelea mpaka kuyafikia maji. Tafadhali lishikeni neno hili, maana tutalirudia.

Basi, mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Fanyeni hesabu wenyewe: behewa moja la tani 15 huchukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 400. Kweli katika vita ya 1914 mpaka 1918 watu walichukuliwa tena kuwa wapagazi wa majeshi, na wengi walikufa. Lakini biashara ya njia ya zamani haikurudi tena. Hapana aliyesema kwamba wapagazi wamekuwa wajinga kwa siku moja. Ujuzi wao ulikuwa uleule wa jana. Mzigo ndio uliohamia mahali pengine. Nao wakageuka: wengine wakaenda kufanya kazi relini, wengine katika mashamba ya katani ya Tanga, wengine wakarudi kulima.

Twasema haya kwa kuwa hata mzigo wetu, sisi makarani, waanza kuhama. Barua iliyokuwa ikipita mikononi mwa watu watatu, wa kuipokea, wa kuiandikisha na wa kuitia jaladani, siku hizi yapita ndani ya kompyuta. Mwananchi anayelipa ada ya Serikali hupewa namba ya malipo akalipia kwa simu akiwa nyumbani, na risiti aliyokuwa akiandikiwa na karani hutoka yenyewe. Hatuilaumu Serikali, kazi imekuwa nyepesi na wizi umepungua. Lakini mtu mwenye akili akiona reli inajengwa haendelei kununua kamba za kufungia mizigo.

Na wakati huohuo mzigo mwingine umekuja mjini kwetu. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kila mmoja wetu anakumbuka madumu ya njano yaliyopangwa foleni. Mwezi wa Januari 2021 Rais John Magufuli alizindua hapa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika miji ya Tabora, Igunga na Nzega, mradi uliojengwa kwa mkopo wa Serikali ya India. Na mwaka 2022 ikatiwa saini mikataba ya mradi mwingine wa miji 28, ambamo Urambo, Kaliua na Sikonge imo. Maji yakifika mtaani hayaingii jikoni kwa miguu yake. Lazima awepo mtu wa kupima, kukata, kuunga, na kurudi tena kiungo kikivuja. Tulitazama mtaani kwetu tukahesabu makarani 11 na mafundi bomba wawili, na mmoja wa hao wawili ni mzee sana. Ndipo wazo likatuingia.

Sasa, ndugu zetu, tutawaeleza kosa letu, maana kosa la mtu mmoja likisimuliwa vizuri huwa shule ya wengi.

Miaka minne iliyopita tuliona tangazo la chuo kimoja, katika mji ambao hatutautaja. Tangazo lilisema kwamba mtu atakuwa "fundi bomba kamili" kwa muda wa majuma sita. Tulichukua likizo yetu ya mwaka, tukalipa shilingi 280,000, tukaenda. Katika majuma sita tulishika bomba siku tisa tu. Siku nyingine tulinakili maneno ubaoni. Mwisho tulipewa cheti kizuri mno, chenye maua pembeni na muhuri wa rangi ya dhahabu. Tukakitia katika fremu. Baadaye palitangazwa nafasi ya kazi ya ufundi bomba katika ofisi moja, tukapeleka maombi kupitia kwa mwajiri wetu kama ilivyo taratibu. Karani wa ofisi ile, kijana mdogo, alikigeuzageuza cheti chetu kwa adabu, akauliza, "Shikamoo mzee wangu. Samahani, cheti hiki kimetolewa kwa mamlaka ya nani?"

Mabwana, hebu lifikirini swali hilo. Sisi tumekaa mezani miaka 14, na swali hilohilo tumewauliza watu mamia. Mwaka 2017, vyeti vya watumishi vilipohakikiwa nchi nzima na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi, sisi tulikuwa miongoni mwa makarani waliobeba majalada na kulinganisha majina. Tuliona watu wazima wakilia katika ushoroba. Tuliona pia shida ya wale wenzetu wa darasa la saba, ambao hawakughushi neno lolote, bali walikutwa na sharti la kidato cha nne lililowekwa na Serikali mwezi wa Mei 2004. Wakaondolewa, na baadaye wale walioajiriwa kabla ya sharti hilo wakaamriwa kurudishwa. Tuliyaona yote hayo kwa macho yetu, tukajua uzito wa karatasi katika maisha ya mtu. Kisha, ilipofika zamu yetu wenyewe kununua karatasi, tulitazama maua yake, hatukutazama mamlaka yake. Cheti chetu hakikuwa cha kughushi. Kilikuwa cha kweli kabisa, ila hapakuwa na mlango wowote nchini uliofungukia.

Hilo ndilo neno moja tunalotaka mwondoke nalo jioni hii. Usimwulize mwenye kuuza cheti kama cheti chake ni kizuri. Mwulize yule atakayekipokea. Kwanza chagua mlango, kisha utafute ufunguo wake. Sisi tulinunua ufunguo, halafu tukaanza kuzunguka mjini tukijaribu milango.

Basi, milango ya kazi hii ni mingapi? Kwa kadiri tulivyojifunza baada ya aibu ile, ni minne, na kila mmoja una karatasi yake.

Mlango wa kwanza ni wa mtu anayetaka kutengeneza mabomba ya majirani, koki zinazovuja na matangi yanayofurika, apate riziki ya ziada au kazi ya siku za kustaafu. Huyu hahitaji kwanza cheti kikubwa. Ahitaji mkono unaojua na jina jema mtaani. Kozi fupi yamfaa, maadamu ni ya chuo kilichosajiliwa, na maadamu anayo nafasi ya kushika vyombo. Lakini na ajue kwamba cheti cha kozi fupi ni ushahidi wa kuhudhuria, wala si daraja.

Mlango wa pili ni wa kuajiriwa kuwa fundi, ama na mamlaka ya maji, ama halmashauri, ama kampuni. Hapa matangazo mara nyingi hutaka kidato cha nne pamoja na cheti cha ufundi stadi kinachotambuliwa na Serikali. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ndiyo inayojulikana zaidi kwa mafunzo haya. Na vyuo vya ufundi sasa husajiliwa na baraza la NACTVET. Madaraja ya sasa ni matatu, yaani la kwanza, la pili na la tatu, na mtu huyapanda moja baada ya jingine. Akitaka kuyapitia yote na ahesabu miaka, asihesabu miezi. Hapa pana mtego ambao makarani hasa yatupasa kuujua. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza ndilo la juu. Katika mpango wa sasa mambo yamegeuzwa: la kwanza ndilo la chini na la tatu ndilo la juu. Mzee mwenye cheti cha zamani cha daraja la kwanza ni fundi bingwa. Kijana mwenye cheti kipya cha daraja la kwanza ndiyo kwanza anaanza. Karani asiyejua jambo hili aweza kumdhulumu mzee wa watu kwa kosa la kusoma namba.

Mlango wa tatu ni wa yule ambaye tayari anaijua kazi, lakini aliijua kwa kumfuata fundi, si darasani. Kwa watu wa namna hii upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao watu huuita urasimishaji ujuzi. Mtu huulizwa habari za kazi alizofanya, hupimwa kwa vitendo mbele ya wapimaji, huonyeshwa mahali alipopungukiwa akajifunze, kisha akishinda hupewa cheti. Mlango huu wengi hawaujui, nao ndio uwafaao watu wa umri wetu kuliko mwingine wowote, kwa maana haumlazimishi baba wa watoto kuacha mshahara akakae bwenini.

Mlango wa nne ni wa kusimamia na kupanga, yaani kuwa fundi sanifu au zaidi, mtu wa michoro na mitambo. Huyo atafute stashahada, mathalani katika Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, nako wataka matokeo mazuri ya masomo ya sayansi. Sisi tulifungua matokeo yetu ya kidato cha nne, tukaona alama ya fizikia, tukayafunga tena taratibu. Na anayetaka kufungua kampuni na kuomba kazi kubwa za zabuni, na ajue kwamba iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yenye masharti yake. Akayaulize kule kabla hajachapisha kadi za jina.

Tena yako mambo mawili ya umri na utumishi ambayo hatuwezi kuyaficha. La kwanza, matangazo mengi ya kazi za Serikali huweka mpaka wa miaka 45 kwa mwombaji aliye nje ya utumishi. Kwa hiyo mtu asiiache kazi akiwa na miaka 44 akitumaini kwamba atarudi kwa mlango mwingine akiwa fundi. Na sisi tulio kazini, kila tangazo lina masharti yake juu yetu. Na lisomwe mpaka mstari wa mwisho. La pili, mtumishi akitaka kwenda masomoni muda mrefu, na apate ruhusa kwa maandishi. Aendaye bila ruhusa si mwanafunzi, bali ni mtoro, na miaka yake ya kiinua mgongo yaweza kuingia hatarini kwa sababu ya barua moja ambayo hakuiandika. Jambo hili kwa makarani lingekuwa aibu maradufu.

Sisi, baada ya kuipima milango yote, tulichagua wa tatu. Tulikwenda kwa yule fundi mzee wa mtaani, tukamwamkia, tukamweleza haja yetu. Alicheka sana. Akasema, "Karani, utaweza kuamrishwa?" Tukasema tutaweza. Tangu siku ile, kila Jumamosi, na siku za likizo, tulimchukulia mfuko wa vyombo. Mwajiri wetu tulimpa habari kwa barua, na hatukugusa kazi ya mtu yeyote saa za ofisi.

Siku ya kwanza alitupa utepe wa kupimia akasema tukate bomba la chuma la nusu inchi, liende kutoka kiungo hiki mpaka kile. Tulipima mara mbili kwa uangalifu mkubwa, tukaandika hata katika daftari, tukakata. Bomba likawa fupi. Tulikuwa tumepima nafasi iliyo wazi kati ya viungo viwili, tukasahau kwamba kila ncha ya bomba huingia ndani ya kiungo kwa urefu wa uzi wake. Mzee alilitazama, akasema, "Daftarini ukikosea wafuta. Hapa ukikosea wanunua lingine." Tukalinunua.

Tulijifunza kuchonga uzi na kuupaka katani usivuje. Tulijifunza mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa moto, ambayo chuma chake hupashwa mpaka nyuzijoto 260, na bomba na kiungo hushikizwa kwa sekunde chache tu, kisha huungwa bila kuzungushwa. Ukizidisha, tundu huziba ndani, wala hulioni mpaka mwenye nyumba alalamike. Tulijifunza kwamba bomba la maji machafu la inchi nne lataka mteremko wa kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita: ukilitelemsha mno maji hukimbia na kuacha taka, ukilitelemsha kidogo vyote hulala. Tulijifunza kulijaza bomba maji na kulijaribu kwa nguvu kabla ukuta haujafunikwa, maana ukuta ukishapakwa rangi, kosa la shilingi elfu huwa la shilingi laki.

Wala msidhani kwamba kalamu haikutusaidia. Nyumba moja ya wageni ililalamika kwamba maji ya kuogea yanadondoka kama machozi. Fundi mzee alitaka kubadili mabomba yote. Tulimwomba kwa adabu atupe nafasi tupige hesabu. Twajua kwamba maji yakiwa juu mita 10 hutoa mkandamizo wa bar 1. Tangi lile lilikuwa juu ya bomba la kuogea kwa mita 2 tu, yaani bar 0.2. Tatizo halikuwa bomba, bali kimo. Tangi likapandishwa, fedha ya mabomba ikaokolewa, na tangu siku hiyo mzee alianza kutuachia sisi kuandika makadirio ya vifaa. Akasema ameonewa na wateja miaka mingi kwa sababu alikuwa akitaja bei kwa mdomo. Basi kumbe hatukuiacha kalamu. Tuliichukua ikaenda kukaa ndani ya mfuko wa spana.

Lakini tusiwafiche upande wa uchungu. Magoti ya mtu wa miaka 35 si ya kijana wa miaka 18. Kuna Jumamosi tuliyotumwa kuzibua choo cha mtu ambaye tuliwahi kumwandikia barua ya karipio, naye alisimama mlangoni akitutazama muda wote. Kuna miezi ambayo fedha ya kununua vyombo ilitoka katika posho ya nyumbani, na mama watoto hakusema kitu; akafungua genge la mboga barazani, akatukabidhi daftari la hesabu akasema, "Hili nalo uliandike, wewe ndiye karani." Hatujui kama tungefika bila ya genge lile. Kwa hiyo twawaambia wenye nia kama yetu: kabla ya kuuliza chuo, uliza nyumbani. Hesabu ada, hesabu nauli, hesabu vyombo, kisha uhesabu miezi ambayo hutapata kitu.

Mwaka huu, baada ya Jumamosi za miaka mitatu, tulikwenda kupimwa. Wapimaji walituambia wazi kwamba katika maji safi tumetosha, ila katika maji machafu tumepungukiwa. Tukarudi kujifunza, tukapimwa tena, tukapewa cheti. Hakina maua. Kina jina letu, namba yake, na mamlaka iliyokitoa, na karani yeyote nchini akitaka kukihakiki aweza. Safari hii, kabla ya kwenda kupimwa, tulikuwa tumeuliza mahali patatu kama kitapokelewa. Bado tungali kazini mezani, na twatumaini kubaki kwa muda; umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Lakini sasa tukitazama mbele hatuoni tena ukuta.

Hatumwambii kila karani aende akashike spana. Mmoja wetu atafaa katika umeme, mwingine katika ufundi wa magari, mwingine katika ushonaji, na wengi kalamu yao ingali na kazi. Wazee waliounda chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walifanya hivyo ili watumishi wainuane. Nasi twaweza kuinuana kwa njia rahisi sana. Twapendekeza, Bwana Mwenyekiti, kwamba Chama kiweke daftari moja katika maktaba yetu, ambamo kila mwanachama anayeshughulika na vyeti vya fani yoyote aandike cheti gani hupokelewa wapi, kwa sharti gani, na ni cha mamlaka ipi. Maarifa haya sisi makarani tunayo yote, yametawanyika mezani petu. Tukiyakusanya, hapana mtoto wa mwanachama atakayenunua maua na muhuri wa dhahabu kama tulivyonunua sisi.

Tulisema tutalirudia neno la terekeza. Mtu anayebadili kazi katikati ya umri avuka Mgunda Mkali wake. Wapagazi wa zamani hawakuuvuka kwa ushujaa wa mdomo. Walikula kwanza, wakajaza vibuyu, wakajua wapi watalala pakavu na wapi watayakuta maji. Aliyeondoka bila kujaza kibuyu hakuitwa shujaa. Tena walikwenda wakiwa msafara, wala si mmoja mmoja.

Na yule mzee wetu aliyekataa chai? Alikuja tena mwezi uliopita. Alikitazama cheti kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya muhuri, akauliza, "Hiki ni cha Serikali kweli?" Tukajibu ya kwamba ni cha kweli. Akanyamaza, akanywa chai yake yote, akasema, "Basi njoo Jumamosi. Bomba la uani lavuja tangu Ramadhani."

Mwenye swali na aulize. Na mwenye koki inayovuja, na aandike jina lake kwa Katibu.